Sijasikia Kitu

Nakuru
Jumanne, 4 Februari 2025

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai gari limekufikia kabla ya barua hii. Binamu Benard aliniahidi atakukabidhi funguo mkononi mwako mwenyewe, si kwa jirani. Mimi huku ni mzima, ila baridi.

Nikueleze nilichofanya. Ulisema kigari cha marehemu baba kimechoka, kwamba kikipanda Mazeras na abiria, malori yanakuja nyuma yako mpaka kioo kinajaa. Injini ni ile ile ndogo, ya cc elfu moja na mia tatu. Kifuniko cha silinda nimekikwangua ili hewa na mafuta vibanwe zaidi ndani. Njia za hewa nimezipanua na kuzilainisha kwa mkono, siku tatu nzima. Kabureta ni kubwa kuliko ya kwanza, na cheche za plagi nimeziwahisha kidogo. Nimelijaribu kwenye mlima wa Menengai, likapanda kwa gia ya tatu bila kuhema. Fundi Mung'aro, mwenye gereji, alikuwa ameketi kando yangu. Hakusema neno, na kwake yeye kunyamaza ni sifa. Hii ndiyo injini ya kwanza niliyoifanya peke yangu.

Sasa jambo moja, na usilipuuze. Injini iliyobanwa hivi, ikizidiwa, hugonga. Ukipanda mlima sikiliza. Ukisikia sauti kama njugu zinatikiswa ndani ya mkebe, legeza mguu, rudisha gia, na uniandikie siku hiyo hiyo. Sauti ile ikiachwa iendelee, pistoni hutoboka. Usipoisikia, basi kazi yangu ni safi.

Ningekupigia simu, lakini kila nikipiga waniambia spika imeharibika, na ujumbe wa maandishi huuoni kwa udogo wa herufi. Haya, na tuandikiane. Barua naziweka kwenye basi, utazichukua ofisini kwao.

Mwanao,
Lamis


Mji wa Kale, Mombasa
16 Februari 2025

Mwanangu Lamis,

Marahaba. Barua nimeipata na nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa miwani.

Gari lapaa. Sina neno jingine. Abiria wangu wa Jumatatu na Alhamisi ni yule yule Bi Rispah wa Mazeras, ambaye figo zake zimegoma. Asubuhi namteremsha mjini akasafishwe damu, alasiri namrudisha kwake, naye huwa hana nguvu hata ya kufunga mlango. Zamani tukifika kwenye mlima nalikuwa nasoma dua. Sasa nakanyaga kidogo tu, na malori ya makontena yabaki nyuma. Bi Rispah alinishika bega Alhamisi, akacheka. Siku nyingi sijamwona akicheka akitoka kwenye ile mashine.

Hapa mtaani Ndia Kuu ni vile vile, wageni wapiga picha milango na mimi nangoja wamalize ndipo nipite. Jumapili nalimpeleka Naomi wa ghorofa ya juu hadi ufukwe wa Mama Ngina tukala mihogo. Yeye asema natia radio juu mno. Naomi naye ana maneno.

Kuhusu ile sauti ya njugu, sijaisikia. Sijasikia kitu. Gari kimya kabisa. Mikono yako ni ya babako.

Mamako,
Mejumaa


Nakuru
25 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliibeba kwenye mfuko wa ovaroli. Nilifurahi nayo siku nne tu.

Ijumaa Fundi Mung'aro aliniuliza lile gari linaishi wapi. Nilidhani anajua. Nikamwambia Mombasa. Aliweka kikombe chake chini, akasema, "Wewe umeipima kwa hewa ya hapa."

Sikumwelewa mara moja, na sasa nimeelewa mpaka silali vizuri. Huku tulipo ni juu sana, hewa ni nyepesi, injini inavuta kidogo. Ndiyo maana niliweza kuibana na kuziwahisha cheche bila madhara. Huko kwenu hewa ni nzito, na joto juu yake. Injini ile ile inavuta zaidi, inabana zaidi, na mafuta niliyoipimia hayatoshi tena. Yaani inachoma kavu na kwa moto mkali. Fundi asema kwa hesabu ingekuwa inagonga tangu siku ya kwanza.

Lakini wewe wasema ni kimya. Kwa hiyo nakuomba, kwa hisani yako, ujaribu tena. Zima radio. Funga vioo vyote. Panda Mazeras alasiri, wakati wa joto kali, na usikilize kwa makini. Uniambie pia mshale wa joto unafika wapi, na kama gari linatoa harufu.

Usinione msumbufu. Usiku naiona ile pistoni.

Lamis


Mji wa Kale, Mombasa
6 Machi 2025

Lamis,

Ramadhani njema. Wanihoji kama askari wa barabarani, lakini nimefanya ulivyotaka.

Leo nimepanda Mazeras saa tisa na nusu, radio nimezima, vioo nimefunga, na saumu yangu, ndani ya gari ni tanuri. Bi Rispah alikuwa nyuma. Alisema neno, nadhani alitaka hewa, nikamfungulia dirisha lake kidogo kisha nikalifunga tena kwa ajili ya jaribio lako. Mshale wa joto ulipita nusu, si sana. Harufu siijui, malori yote yatoa harufu.

Sijasikia kitu. Ni Ramadhani, siwezi kukudanganya, nakuapia.

Huyo Fundi Mung'aro pengine ana kijicho. Mtu akimwona msichana amefanya kazi nzuri hutafuta kasoro. Wewe lala.

Jioni hizi nafuturu barazani na majirani. Sipendi kufuturu peke yangu ndani. Wakinyanyua tende nami nanyanyua.

Mamako


Nakuru
13 Machi 2025

Mamangu,

Allah akutakabalie saumu yako. Barua yako imeniondolea jiwe kifuani. Nilimsomea Fundi Mung'aro pale palipohusu jaribio. Nikamwambia, mamangu ameisikiliza mara mbili, kwenye mlima ule ule, na joto lile lile, na ameapa katika mwezi mtukufu. Alikuna kidevu. Akasema huenda hesabu yake ni ya magari ya zamani.

Sasa kuna habari. Kuna mteja aitwaye Seth, anahamia Mtwapa na mkewe na watoto wawili wadogo. Ana gari kama letu, injini kama yetu. Aliposikia habari ya gari lako alitaka lake lifanywe hivyo hivyo. Fundi alisita, kisha akaniruhusu, kwa sababu yako. Nimekwishakwangua kifuniko, kabureta iko tayari. Jumatatu analichukua na kuteremka nalo pwani.

Nimekuwa na wasiwasi kidogo nikiwahisha cheche zake. Nikakumbuka kwamba wewe umesikiliza. Bila wewe nisingethubutu.

Mwanao,
Lamis


Mazeras
15 Machi 2025

Kwa Lamis,

Bwana asifiwe. Hatujaonana, lakini mimi ndiye Rispah ambaye mama yako hunipeleka hospitali. Anwani yako niliiona kwenye bahasha iliyoachwa kitini mwa gari. Sitaandika namba yangu ya simu, maana najua utanipigia, na huenda nikawa mbele ya macho yake.

Gari linagonga. Lilianza kugonga wiki ile ile liliyorudi. Mwanzoni nilidhani gari lenye nguvu husikika hivyo, na nilifurahi kwamba tunapanda haraka. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa reli, na mwishowe nilikumbuka alivyokuwa akisema kuhusu injini inayogonga. Tarehe sita nilimwambia mama yako waziwazi, "Mejumaa, gari linagonga." Akanifungulia dirisha.

Juzi Alhamisi tulikuwa katikati ya mlima. Sauti haikuwa tena ya kitu chepesi, ilikuwa kama mtu anapiga bati kwa nyundo. Nyuma yetu lori lilikuwa likipiga honi muda mrefu, likitaka kutupita, na mama yako hakusogea. Nilimwita jina mara tatu. Mwishowe nikamgusa bega. Aligeuka, Lamis, akaangalia mdomo wangu. Hakuangalia macho yangu, aliangalia mdomo. Hapo nikajua.

Alisimamisha gari kando. Nilimuuliza tangu lini. Alisema, "Usimwambie mwanangu." Sikumwahidi. Tulingoja injini ipoe, tukamalizia mlima polepole.

Utauliza kwa nini bado napanda. Nikikosa siku moja miguu inavimba, nikikosa mbili sipumui. Hakuna gari jingine linalokuja mpaka mlangoni kwangu, na mama yako mwenyewe huninyanyua kwa mikono yake. Jumatatu atakuja, nami nitapanda.

Nakuomba usimwambie kwamba ni mimi.

Rispah


Mji wa Kale, Mombasa
18 Machi 2025

Mwanangu Lamis,

Jana usiku Naomi alikupigia simu kwa niaba yangu juu ya gari la huyo Seth. Hilo halikuweza kungoja basi. Najua kwamba ulipiga kelele kwenye simu, kwa sababu Naomi aliiondoa sikioni. Haya yaliyobaki naandika mwenyewe.

Mimi sisikii.

Sikio la kushoto liliondoka zamani, wewe ukiwa shule. Miaka ishirini na miwili nalishona midomo ya magunia kwa mashine katika lile ghala la Shimanzi, mashine kumi na nne ndani ya chumba cha mabati. Hakuna aliyetupa kitu cha kuziba masikio, nasi hatukuuliza. La kulia lalikuwa lafifia kidogo kidogo, na tangu mwaka jana limekwisha. Nasikia kishindo kikubwa, mlango ukibamizwa, basi. Adhana siisikii. Ndiyo sababu nafuturu barazani.

Simu haikuharibika. Nalikuwa naiweka sikioni, najua ni wewe, naona jina lako, na sisikii kitu ila kama upepo. Nikaona afadhali barua. Katika barua maneno yako yafika yote.

Kwa hiyo nalipokuandikia kwamba sijasikia kitu, nalisema kweli, na uwongo wangu ulikuwa mumo humo. Naliapa katika mwezi wa Ramadhani. Najua ninayemwomba msamaha wa hilo, lakini nawe nakuomba.

Barua yako ya Seth naliipokea Jumamosi. Nalisoma pale uliposema kwamba bila mimi usingethubutu, na nikaketi kitako. Mtu aendeshe watoto wake kwa sababu ya masikio yangu. Nalisema moyoni, Jumatatu nikishamrudisha Bi Rispah nitasema. Nalitaka siku moja zaidi. Ningemwambia nani ampeleke Jumatatu? Hilo lalikuwa neno langu la kujitetea, na lalikuwa la kweli, lakini kulikuwa na jingine chini yake. Nalijua nikisema, funguo zitachukuliwa. Sina mume, watoto wangu wako mbali, jirani wananiita kwa mkono kama paka. Ndani ya gari lile mimi ni mtu anayengojewa.

Jumatatu tukiwa katikati ya mlima gari lilikufa. Halikuzimika kwa adabu. Nalihisi pigo kwenye nyayo, kisha usukani ukatetemeka, moshi ukajaa, na nguvu zikaisha mara moja. Nikakanyaga breki pale pale barabarani. Sikutazama kioo. Nalikuwa naangalia moshi.

Bi Rispah ndiye aliyeniambia baadaye. Lori la makontena lilikuwa nyuma likipiga honi tangu chini ya mlima, kwa sababu moshi ulikuwa umeanza kutoka nyuma yetu na dereva alikuwa akijaribu kunionya. Nalipofunga breki hakuwa na nafasi. Alilielekeza lori kwenye mtaro. Bampa lake lilisimama shubiri moja kutoka dirisha la Bi Rispah. Nimeipima kwa mkono wangu huu.

Dereva aitwa Bonface. Aliteremka, akaja dirishani kwangu akasema maneno mengi. Nami nalikuwa naangalia mdomo wake waenda, na sikupata hata neno moja. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi ni kiziwi." Ndiyo mara ya kwanza nimelitamka mbele ya mtu. Bonface akaenda akamtoa Bi Rispah garini, akamkalisha kwenye kivuli cha lori lake, akamtafutia gari la kumfikisha nyumbani. Bi Rispah alikuwa mweupe midomo, damu imeanza kutoka tena pale walipomchoma mkononi. Leo nimetumiwa habari kwamba amelala vizuri.

Gari liko Mazeras kwenye uwanja wa fundi mmoja. Amesema pistoni mbili zimetoboka. Ulisema hivyo hivyo mwezi wa pili.

Niambie kama Seth umempata. Andika hata mstari mmoja.

Mamako,
Mejumaa


Nakuru
20 Machi 2025

Mama,

Seth tumempata. Ndilo la kwanza.

Alikuwa amelichukua gari Jumatatu asubuhi. Nilikuwa nikimpigia Seth tangu adhuhuri, na Naomi aliponipigia nikaendelea, mara tisa, hashiki, na kila mara nilikuwa nahesabu watoto wale. Mara ya kumi alishika. Walikuwa wamelala Voi, wakikusudia kuteremka asubuhi. Alisema tangu Mtito Andei kuna kitu kinatikisika injini inapopanda, akadhani ni mizigo. Nilimwambia asiliwashe tena. Wameendelea kwa basi, gari linarudishwa huku juu ya lori. Amenitukana, na ana haki.

Fundi Mung'aro hajanifukuza. Ameninyang'anya injini. Nafanya oili na matairi. Alisema jambo moja tu: "Ulimuuliza aliyekuwa mbali badala ya kwenda kuangalia." Kisha akarudi kazini.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama ofisini kwa basi. Unaniomba msamaha. Mama, kabla hujaendelea kuniomba, nisikilize mimi.

Nilijua kabla hujaniandikia. Usiniulize ni nani aliyeniambia wiki hii, kwa sababu si hilo ninalosema. Barua moja ilinifikia Jumatatu adhuhuri, nikampigia Naomi mchana wote na simu yake imezimwa kazini, na nilikuwa nikipiga wakati ule ule mlipokuwa mkipanda. Lakini hata barua ile haikunifundisha kitu kipya juu ya masikio yako.

Nilijua Disemba. Siku nilipokuja kulichukua gari, ulikuwa umesimama uani ukianika nguo, umenipa mgongo. Nilikuita. Nilikuita tena. Nikaja mpaka hatua mbili nyuma yako, nikakuita kwa sauti ya kawaida ya mtu aliye karibu, na hukugeuka. Nilisimama pale. Uani hapakuwa na kelele yoyote. Kisha nikarudi nyuma mpaka mlangoni, nikabamiza mlango kwa nguvu, ukageuka ukitabasamu, ukasema, "Umefika?" Nami nikasema ndiyo, nimefika sasa hivi.

Sikukuuliza. Nilijiambia ni uchovu, au ulikuwa ukiwaza mambo. Nikapanda nalo gari kuja huku, nikalifanya, na nikakuandikia usikilize. Wewe, kati ya watu wote. Na uliponijibu kwamba ni kimya, mtu mwenye akili angesema bila shaka ni kimya, huyu hasikii. Mimi nilikwenda kumsomea Fundi.

Nimejiuliza kwa nini. Nadhani ni kwa sababu nilitaka jibu lile. Nilitaka injini yangu ya kwanza iwe safi, na wewe ndiye mtu pekee ambaye angeniambia hivyo kila nikiuliza. Fundi angekwenda huko akasikiliza na kunipa jibu lake. Nilikuchagua wewe.

Shubiri moja. Naliangalia neno hilo kwenye barua yako na naipima kwa mkono wangu.

Nitaomba ruhusa ya Idi, na hata nikiambiwa hapana nitakuja hivyo hivyo. Sijui tutafanya nini na gari. Sijui Bi Rispah atapelekwa na nani. Sijui kama bado unataka nije.

Lamis


Mji wa Kale, Mombasa
24 Machi 2025

Lamis,

Nalikasirika siku mbili. Nalifunga dirisha, sikwenda barazani, nalifuturu peke yangu kwa kuangalia saa. Nalikuwa nauona ule mlango. Nalikuwa nikikumbuka siku ile nimefurahi sana, kwamba mlango umelia na mimi nimeusikia.

Siku ya tatu nikasema kweli moyoni. Ungeniuliza Disemba, ningekukatalia. Ningekwambia ulinong'ona. Tungegombana, nawe ungerudi Nakuru, na gari ningeendelea kuliendesha. Basi usijibebeshe yote. Lakini nusu ni yako, na sitakutua.

Bi Rispah leo amepelekwa na gari la kanisa lao. Alhamisi bado hatujui. Nalikwenda kumwona jana kwa basi, nimeketi kiti cha mbele, nikitazama barabara ile kwa mara ya kwanza bila usukani mkononi. Ni mlima mrefu. Sikujua urefu wake. Alinishika mkono tukakaa, nami sikumuuliza kuhusu barua yoyote. Naomi amenipatia siku ya kupimwa masikio, tarehe mbili mwezi ujao. Huenda kuna kifaa, huenda hakuna. Funguo za gari anazo Naomi. Nalimpa mwenyewe, hakuniomba.

Wauliza kama nataka uje. Njoo. Lala hapa siku zote za Idi. Na utakapofika usiniite kutoka mlangoni, wala usibamize kitu. Zunguka, uje usimame mbele yangu, nikuone, kisha useme.

Mamako,
Mejumaa